Mchanga Uliolowa Kwenye Sahani ya Pishi

Getini, 3 Machi

Wifi Mlingoti,

Salamu nakupa moja tu, maana karatasi ni fupi na malalamiko ni marefu. Huu mwaka wa tatu tangu wewe na kaka yangu mhamie huko machimboni, na hujakanyaga kwangu hata mara moja. Breki, huyu dereva wa lori la mchanga anayekuletea barua hii, anapita mlangoni pa zahanati yako kila siku asubuhi, na saa tano yuko hapa kwenye mizani yangu. Mchanga unafika, wewe hufiki. Haya, hilo nimeliweka kiporo. Leo nina shida, na wewe ndiye nesi pekee tuliye naye kwenye ukoo, na simu yako haishiki mpaka upande juu ya tangi la maji. Kwa hiyo naandika.

Unajua nilivyoanza. Niliingia yadi hii nina miaka kumi na sita, nafagia kokoto zilizomwagika chini ya malori. Mizani hakunifundisha mtu. Niliijua kwa kuchungulia dirishani, mpaka siku ile karani wa mizani alipougua, wakatafuta wa kuisoma, wakanikuta nimesimama pale na ufagio wangu. Miaka saba sasa. Lori likipanda, nasoma. Nikitoa uzito wa gari tupu, nimepata mzigo. Na mchanga uliomwagiwa maji ili uwe mzito, mimi naunusa kabla gurudumu la mbele halijagusa chuma.

Sasa Mzee wa Kreni anastaafu mwisho wa Juni. Tangu mwaka jana nimekuwa nikipanda naye siku zangu za mapumziko, ananifundisha. Vidato tisini na sita vya ngazi mpaka kwenye kile kibanda cha kioo. Msimamizi amekubali niombe hiyo nafasi. Mwombaji mwingine ni mtu wa winchi kutoka yadi ya pili, na yeye hajawahi kuinua kitu kizito kuliko sauti yake.

Halafu ndiyo nikapelekwa kwa daktari wa kampuni. Urefu, mita moja na sentimita arobaini na nane. Uzito, kilo sabini kamili. Akachukua uzito akaugawa kwa urefu, jibu akaligawa tena kwa urefu, akatikisa kichwa. "Thelathini na mbili. Kazi za juu zinataka chini ya thelathini." Nikamuuliza hiyo kwangu ni kilo ngapi. Akaanza kupapasa kikokotoo. Nikamwambia usihangaike, daktari, ni sitini na tano na pointi saba. Akacheka. "Hesabu unaijua. Sasa kaifanye. Tunakupima tena tarehe 9 Juni."

Lalamiko langu ni hili. Kila ninayemuuliza ana namba yake mfukoni. Gazeti linasema mwanamke apunguze kalori mia tano kwa siku. Mwanamke gani? Wa urefu gani? Karani wa ofisini, yule mwenye kucha kama koleo, anaishi kwa kalori mia nane na ananiambia, "Pishi, wewe funga mdomo tu." Dunia hii ilipimwa na watu warefu, wifi. Rafu zao, ngazi zao, viti vya malori yao, na sasa hata njaa wanataka kunikatia kwa kipimo chao.

Mimi nataka namba yangu. Ya mtu mfupi, wa miaka ishirini na minne, anayekaa kitini saa nane kwa siku. Usinipe ya mlingoti.

Wifi yako,
Pishi (jina mlinibandika wenyewe, eti nimejaa na ni mfupi kama kipimo cha nafaka, nami silisahau)


Zahanati, 8 Machi

Wifi Pishi,

Barua imefika, ina alama ya dole gumba la grisi kwenye kona. Lalamiko lako la kwanza nitalijibu siku yake ikifika. La pili nalijibu leo.

Umesema kweli. Namba za magazetini zinawadanganya watu wafupi. Mwili wako, hata ukilala siku nzima bila kuinua mkono, unatumia karibu kalori elfu moja na mia tatu na arobaini, moyo udunde na mapafu yavute. Ukiongeza kazi yako ya kukaa na kutembea kwenda na kurudi, inafika kama elfu moja na mia nane na themanini. Hayo ni makadirio, si mizani yako ya getini.

Sasa shika hili. Mwanamke asishuke chini ya elfu moja na mia mbili kwa siku bila daktari kumsimamia. Hiyo ni sakafu, si shabaha. Mwanamke mrefu ana nafasi kubwa kati ya anachotumia na ile sakafu, anaweza kushuka vidato vitano na bado yuko juu. Wewe una vidato viwili. Ndiyo maana mfupi akiiga mrefu anatumbukia.

Namba yako ni elfu moja na mia tano. Itakupunguzia theluthi moja ya kilo kwa wiki, au zaidi kidogo. Najua utaguna. Ukianza tarehe 10 una wiki kumi na tatu. Piga hesabu mwenyewe uone kama zinatosha.

Nimekunakilia orodha ya vyakula iliyo ukutani kwetu, kalori kwa kila gramu mia. Mayai, mkate na ndizi nimekuwekea kwa idadi. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Na kila ukiniandikia nataka vitu vitatu: uzito, kama unapata kizunguzungu, na kama siku zako za mwezi zimebadilika. Hili la tatu usinionee haya.

Kaka yako anakusalimu. Anasema ukipanda juu ya kreni ndipo utakapomfikia bega.

Mlingoti


Getini, 7 Aprili

Wifi,

Kaa chini kwanza. Kilo sitini na sita na pointi tatu!

Ndiyo, umesoma vizuri. Nilianza na sabini, wiki nne zimepita, kilo tatu na pointi saba zimekwenda zao. Wewe ulisema theluthi moja ya kilo kwa wiki; mimi napunguza karibu kilo nzima. Nadhani mwili wangu ni mchapakazi kuliko vitabu vyenu. Tarehe 9 Juni daktari atanikuta nina sitini. Karani wa kucha ameanza kuniuliza mimi siri.

Usidhani nadanganya. Nimenunua mizani ndogo, naibeba kwenye mkoba mpaka kantini, na mpishi wetu, Mama Sufuria, ameshachoka kunisema. "Hata mimi unanipima kama lori?" Namwambia mama, hapa getini hakipiti kitu. Nakukatia ukurasa wa jana kutoka kwenye daftari langu, na kila siku ni hivyo hivyo:

Mayai mawili ya kuchemsha, 150.
Mkate vipande viwili, 160.
Wali gramu mia mbili, 720.
Maharage gramu mia moja, 340.
Ndizi mbivu moja, 90.
Jumla 1460. Nimebakiza arobaini za heshima.

Mimi sijambo kabisa. Baridi tu imenishika, navaa sweta hata mchana, watu wananicheka. Na goti nimelichubua kidogo, nilijikwaa, si kitu. Hayo mengine uliyouliza ni sawa tu.

Nakuambia ukweli, wifi, sijawahi kuwa na hamu ya kitu kama ninavyokitaka kile kibanda cha kioo. Miaka saba nimesoma mizigo ya watu ikipita. Nataka mara moja niwe mimi ninayeinua.

Pishi


Zahanati, 10 Aprili

Pishi,

"Nilijikwaa."

Breki ameniletea barua yako, nikamtilia chai, nikamuuliza habari zako kama mtu anayeuliza habari za mvua. Akasema, "Anaendelea vizuri tangu alipodondoka." Chai ikanishinda. Basi akanieleza yote. Jumapili, kidato cha kumi na moja, mikono ikakuachia. Mkanda wa usalama ndio uliokushika, ukaning'inia kama ndoo mpaka yeye na Mzee wa Kreni wakakushusha. Ukawalisha yamini wasimwambie msimamizi. Hukumlisha yamini asiniambie mimi, kwa sababu hukufikiri ningeuliza.

Sasa tazama ukurasa wako. Wali gramu mia mbili, umeandika mia saba na ishirini. Ulipima wapi? Kantini, kwenye sahani, ukiwa umeiva. Orodha niliyokutumia ni ya vyakula vikavu, Pishi. Hapa zahanati tunawagawia akina mama mchele na maharage kutoka kwenye gunia, kwa hiyo orodha yetu inapima cha kwenye gunia. Wali ulioiva zaidi ya nusu yake ni maji. Gramu mia mbili zako zina kalori mia mbili na sitini. Maharage yako si mia tatu na arobaini, ni mia na thelathini. Jumlisha.

Nimekujumlishia: mia saba na tisini. Mwezi mzima umeishi kwa mia saba na tisini. Hata karani wako wa kucha anakushinda kwa kumi.

Wewe! Wewe unayewakamata madereva wanaomwagia mchanga maji! Umekaa mezani na sahani ya maji, ukaiandika daftarini kuwa ni mzigo.

Na hili ndilo lililoniuma zaidi. Kwa wiki nne ulipaswa kufika sitini na nane na pointi sita. Umefika sitini na sita na pointi tatu. Lori likipungua tani mbili kati ya machimbo na geti bila maelezo, unalizuia mpaka kieleweke. Mwili wako umepungua mara mbili na nusu ya hesabu, na wewe ukauinulia kizuizi upite, kwa sababu safari hii upungufu ulikupendeza.

Kosa la orodha ni langu. Sikuuliza unakula wapi, na ningeuliza. Lakini kosa la kunificha ni lako. Rudi kwenye elfu moja na mia tano ya kweli kuanzia leo. Nenda hospitali wakakupime damu na presha. Mweleze daktari wa kampuni. Usiguse ngazi ile mpaka akuruhusu. Na hukunijibu swali langu la tatu. "Mengine ni sawa tu" si jibu.

Mlingoti


Getini, 13 Aprili

Wifi,

Kumbe siku hizi unachunguza watu kwa chai.

Nimepiga hesabu yako, na ni sahihi, na ndiyo inayoniudhi. Sikulala nikijiuliza nilipitwaje, mimi. Lakini sikiliza upande wangu. Leo nina sitini na sita kamili. Zimebaki gramu mia tatu. Mia tatu! Ni pakiti ya majani ya chai. Wewe unaniambia nile mara mbili ya ninavyokula, nirudi juu, halafu nianze kuteremka kwa konokono wako wa theluthi moja. Halafu niende mwenyewe, kwa miguu yangu, nimwambie daktari nilianguka, aandike kwenye faili, na mtu wa winchi akabidhiwe funguo. Hivyo ndivyo unavyonisaidia?

Nyinyi warefu mna raha zenu. Hujawahi kusikia chumba kizima kikicheka kwa sababu umeomba kiti cha kusimamia. Hujawahi kuambiwa "funga mdomo". Ulikuja nyumbani kwetu na kiuno cha nyigu, gauni limekukaa kama limemiminwa, ukatuacha wote tumekodoa macho. Usinifundishe habari za njaa, wifi. Wewe hujui njaa ya kuitafuta mwenyewe.

Wiki nane nitavumilia. Nikishafika kule juu nitakula.

Pishi


Zahanati, 21 Aprili

Wifi,

Nimekaa na barua yako siku nane. Breki ameniuliza kila asubuhi kama nina majibu, nami nikamwambia nakusanya. Sasa nimekusanya.

Kile kiuno cha nyigu. Unakumbuka siku ya kujaribu gauni, kwa fundi cherehani, wiki kumi kabla ya harusi? Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa, umeshika pini mdomoni. Ukazitoa ukasema, "Wifi, fundi akiongeza kitambaa kidogo tu, tutapata na pazia la sebuleni." Watu walicheka mpaka fundi akaegemea mashine. Nami nilicheka. Nilicheka kuliko wote.

Kesho yake nikaanza. Chai bila sukari, tunda, yai moja. Nilikuwa mwaka wa pili wa uuguzi, Pishi; ile sakafu ya elfu moja na mia mbili nilikuwa nimeshaandika kwenye mtihani na kupata alama zote. Wiki kumi nilikula mia saba kwa siku, na gauni likanikaa kama lilivyokukaa machoni. Nywele zangu zilikuwa zinabaki kwenye kitana, nikazifunika kwa shela.

Siku zangu zilikatika. Si mwezi mmoja. Miezi kumi. Na ndiyo miezi ambayo mama yenu alikuwa akiniuliza kila mwisho wa mwezi, "Vipi, kuna habari njema?" Nami najibu, "Bado, mama." Siku moja mbele ya wageni akasema urefu wangu wote umekwenda bure. Wewe ulikuwepo, ulikuwa unapita na sinia la vikombe. Sidhani ulisikia. Kaka yako anajua nusu ya haya. Nusu nyingine unaijua wewe sasa, peke yako.

Nilipona. Nilirudi kula kidogo kidogo, chini ya daktari, na mwili ukanirudia, ingawa ulichukua muda wake. Lakini ukiniuliza kwa nini sijakanyaga huko miaka mitatu, hilo ndilo jibu nililokuahidi.

Sikukwambia haya ili ulie. Nakuambia kwa sababu swali langu la tatu lilikuwa swali la mtu anayeijua njia hiyo mpaka mwisho wake. Kreni utaipata au utaikosa. Hilo siwezi kukuamulia. Lakini mikono ikikuachia kidato cha tisini, mkanda ukawa haukufungwa vizuri, hakuna mizani itakayosoma hiyo hesabu.

Nijibu la tatu.

Mlingoti


Getini, 2 Mei

Wifi yangu,

Nimeisoma mara tatu. Ile sentensi ya pazia nilikuwa nimeisahau kabisa, na mimi huandika kila kitu. Ilikuwa siku yangu ya kuchekesha watu. Nilijua mwenyewe wanavyouma wanaocheka, nikakupa wewe kile nilichokuwa napewa mimi. Nisamehe. Siongezi neno, kwa sababu nikiongeza nitakuwa najitetea. Mama sijamwambia chochote. Hilo ni lako.

Jibu la tatu: Machi zilikuja siku mbili tu. Aprili hazikuja.

Sasa niliyoyafanya. Tarehe 23 nilikwenda hospitali. Presha iko chini, damu imepungua kidogo, nimepewa vidonge vya kuongeza damu na miadi ya mwezi. Tarehe 24 niliingia kwa daktari wa kampuni kabla hajavua koti. Nikamweleza kidato cha kumi na moja, nikamweleza wali. Akavua koti kwanza. "Kwa nini unanieleza? Hakuna aliyekushtaki."

Nikasema, "Mimi ndiye mtu wa mizani, daktari. Nikiruhusu moja lipite, yote niliyoandika miaka saba hayana maana."

Akaandika kwenye faili. Nimeona mkono wake ukiandika, herufi moja moja. Amenizuia kupanda mpaka damu ikae sawa. Lakini tarehe 9 hakuifuta.

Halafu nikaenda kumkabili Mama Sufuria. Nikamwomba anipimie mchele kabla haujaingia maji na wali baada ya kuiva, sufuria nzima. "Sasa unataka kupima hata moshi?" Lakini akakubali. Kilo kumi za mchele zinatoa kilo ishirini na nane za wali. Kwa hiyo kila gramu mia ninayopakuliwa ina mchele gramu thelathini na sita tu. Kilichobaki ni maji ya bomba. Maharage tumeyafanyia hivyo hivyo. Nimebandika karatasi ukutani kantini, na sasa karani wa kucha anaisoma akidhani hatumwoni. Jana alichukua wali mara mbili.

Ukurasa wangu mpya huu hapa: mayai mawili 150, mkate vipande vitatu 240, maziwa glasi moja 150, wali gramu mia tatu 390, maharage gramu mia mbili 260, mboga na kijiko kimoja cha mafuta 120, ndizi mbili 180. Jumla 1490. Siku ya kwanza sikuweza kumaliza sahani, nikaona kama naiba. Siku ya nne nilivua sweta.

Uzito umepanda mpaka sitini na saba na pointi sita. Niliposoma nilitaka kuitupa mizani nje. Sikuitupa. Nimeandika.

Zimebaki wiki tano na siku tatu, na nahitaji kilo moja na pointi tisa. Kwa konokono wako napata moja na pointi nane. Umeona pengo lilivyo? Gramu mia. Sitatafuta njia ya mkato ya kuliziba.

Pishi


Zahanati, 1 Juni

Pishi,

Breki anasema umerudi kutukana madereva kwa sauti ya zamani. Nikajua damu imepanda.

Moja tu. Najua wiki hii kuna mtu atakunong'oneza vidonge vya kukojoa, au ushinde bila maji siku ya kupimwa, ili ukwepe hizo gramu. Maji yakitoka si mafuta yaliyotoka. Utakuwa umemwagia mchanga maji, kinyumenyume. Na siku hiyo hiyo watakupandisha vidato tisini na sita.

Kunywa chai yako. Kula mkate wako.

Mlingoti


Getini, 9 Juni

Wifi,

Naandika nimekaa kwenye kiti changu cha mizani, malori mawili yananisubiri, nayo yasubiri.

Vidonge nililetewa kweli. Karani wa kucha, kwa moyo mwema, vimefungwa kwenye leso. "Viwili tu, Pishi, unakwenda haja mara sita, unapita." Nimemrudishia. Damu yangu iko sawa, hospitali imeniandikia, na siku zangu zilikuja wiki iliyopita, zote nne. Nilicheka peke yangu bafuni kama mwehu. Sikutaka kuvuruga hayo kwa leso.

Asubuhi nimekula mayai yangu mawili na vipande vitatu vya mkate, nikanywa maziwa, nikaingia. Presha sawa. Macho sawa. Nikapanda mizani.

Sitini na tano na pointi tisa.

Daktari akatazama, akanitazama. "Gramu mia mbili. Umekula asubuhi hii?"

"Nimekula."

"Ungeacha kifungua kinywa tu ungepita, mama."

"Ningeacha kifungua kinywa ungenipitisha mimi, daktari, halafu ngazi ingenirudisha."

Akafungua faili, akarudi nyuma mpaka ule ukurasa wa kidato cha kumi na moja, akausoma tena. Halafu akaandika: "Bado. Arudi tarehe 23." Msimamizi amegomba, anataka jina leo, mtu wa winchi yuko tayari. Daktari akamwambia kwamba mtu wa winchi ameondolewa tangu jana, presha yake inagonga dari, na kwamba kwenye urefu ule yeye angemweka mtu anayejitaja alipokosea. Mzee wa Kreni ndiye atakayeshika mpaka nirudi. Amenong'ona, "Usinicheleweshe, nimeshaaga mpaka paka."

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya rundo la kokoto. Sikulia. Karibu.

Wiki mbili. Theluthi mbili za kilo. Nahitaji gramu mia mbili. Safari hii hesabu imebakisha.

Pishi


Zahanati, 12 Juni

Wifi,

Nimekunja barua yako nikaiweka kwenye mfuko wa sare. Nimemsomea kaka yako ile sehemu ya ngazi. Akatoka nje kukagua baiskeli ambayo haina kasoro.

Nimeomba ruhusa ya siku tatu. Tarehe 24 Breki ana nafasi mbele. Kama utakuwa umeshinda, nakuja. Kama utakuwa umeshindwa, nakuja.

Mlingoti


Juu, 23 Juni

Wifi,

Sitini na tano na pointi tatu. Daktari alipiga muhuri, nusura avunje meza.

Nimepanda tisini na sita bila kusimama, mkanda umefungwa na kukaguliwa mara mbili, Mzee akinifuata nyuma akihema kuliko mimi. Amenikabidhi funguo, akateremka bila kugeuka. Kiti chake kilikuwa kimewekwa kwa miguu mirefu. Nimekivuta mbele mpaka mwisho wa reli, na kimenikaa. Kutoka hapa kibanda changu cha mizani ni kama kiberiti. Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa bomba la saruji la tani mbili. Niliuinua polepole, kama unavyoinua mtoto aliyelala, na haukuyumba.

Nitaendelea na daftari. Daktari anataka nifike sitini na mbili, bila haraka, na hesabu ya namba mpya ya uzito huu utanipigia mwenyewe ukifika. Nimegundua kwamba konokono anafika.

Kesho Breki akifika getini, ni karani mpya atakayewapima. Nimemfundisha kunusa mchanga. Usiende kwa mama kama moyo hautaki, njoo kwangu. Nina chumba kimoja, meza moja na viti viwili, na pazia ni fupi, hakuna atakayekupimia kitambaa. Mimi nashuka saa kumi. Ufunguo uko kwa Mama Sufuria.

Usile njiani. Nimeshapima mchele wa watu wawili, mkavu, kabla ya maji.

Wifi yako,
Pishi